Kata za PDC zilizotolewa kobalti kwa umeme badala ya asidi kali, hii ni kweli au tunapigwa? Wajuzi njooni

Mchimbavisima_Ihumwa (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Mimi nipo kwenye rigi ya visima hapa Dodoma mwaka wa kumi na moja sasa, nilianza kama dogo wa kubeba mabomba hadi leo naendesha mashine mwenyewe. Majuzi bosi kaletewa biti (kile kichwa cha kuchimbia) ya PDC, yaani ya almasi ya kiwandani, zile zenye vidonge vyeusi vya duara usoni wenyewe wanaita kata, ina kata nane. Muuzaji anasema hii toleo la juu, kata zake "zimelichiwa", tena sio kwa asidi kama za zamani, hizi zimelichiwa kwa umeme, teknolojia safi, ndo maana bei imechangamka. Nikamuuliza kulichi ndo kufanyaje, akaanza kujiumauma mara oo wanatoa kobalti ndani ya almasi, mara oo inavumilia moto, nikaona huyu naye kakariri tu.

Sasa naombeni mnitoe tongotongo. Hiyo kobalti inatolewa ya nini wakati ni wao wenyewe walioiweka? Na umeme unatoaje chuma ndani ya almasi wakati almasi haipitishi umeme? Halafu hili msinicheke, tuna biti za zamani stoo, kata zake nyingine bado zina uhai, naweza kuzilichi mwenyewe kwa chaja ya betri?

Nkuhungu_Finest

Mi niliposoma "kata" nikajua mambo ya madiwani, mji huu nao umezidi siasa. Anyway nimevuta kiti cha plastiki nasubiri wakemia.

Mkemia wa Makole

Mkuu karibu, swali lako la kwanza ndo zuri kuliko yote, tuanzie hapo.

Almasi ya kwenye kata sio ile ya Mwadui ya kuokotwa ardhini. Ni unga wa almasi ya kiwandani, unawekwa juu ya kisahani cha tangsteni kabaidi, ile metali ngumu ya vifaa vya kukatia, halafu vyote viwili vinabanwa kwa presha ya gigapaskali 5.5 hivi mpaka 6, yaani zaidi ya mara 50,000 ya hii hewa inayotukandamiza hapa, huku joto likiwa 1,400 mpaka 1,500 sentigredi. Ndani ya kabaidi kuna kobalti, ndo gundi inayoishika. Kwenye joto hilo kobalti inayeyuka na kupanda kwenye unga wa almasi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na ikishafika huko inazisaidia chembe za almasi ziote na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Bila hiyo unatoka na unga uleule ulioingia nao. Kwa hiyo kobalti ni mkunga, tena mkunga mzuri, shida yake mtoto akishazaliwa haondoki nyumbani.

Anabaki kwenye vijinjia vyembamba katikati ya chembe. Sasa biti ikianza kusaga jiwe ncha ya kata inachemka. Kobalti inatanuka kwa joto kuliko almasi, inatanuka sana, inasukuma kuta za vile vijinjia mpaka nyufa zinaanza. Hilo la kwanza. La pili baya zaidi, ukivuka kama 700 sentigredi ileile kobalti iliyosaidia kaboni kuwa almasi inaisaidia irudi kuwa grafaiti, yaani kile kitu cha kwenye penseli. Unakuwa unachimba na penseli mkuu.

General Electric ya Marekani ndo walioingiza kata hizi sokoni miaka ya 1970, na hawakuchelewa kugundua kuwa ukiiyeyusha kobalti yote ukaitoa, almasi inayobaki inavumilia mpaka karibu 1,200. Siku hizi wengi hawatoi yote, wanatoa ya juu tu, sehemu ndogo ya milimita kuanzia usoni, ili uso uvumilie moto na nyuma ibaki ngumu kwa vishindo. Hiyo ndo kulichi.

Njia yao kwa miaka yote ni asidi. Na sio asidi ya kuchezea, ni haidrofloriki imechanganywa na naitriki, inapashwa moto, kata zinakaa humo siku kadhaa na nyingine wiki kadhaa. Swali la umeme nakuja jioni nipo kazini.

Fundi_Geji

Mkemia umeeleza vizuri ila mi nasema hapo kwenye umeme ni biashara tu. Almasi ni insuleta, hata mtoto wa fomu tuu anajua. Utapitishaje umeme kwenye insuleta? Neno "umeme" siku hizi likitiwa kwenye kitu bei inapanda, kama "oganiki" kwenye mchicha.

Mama Ubuyu

Kabla hamjafika kwenye umeme naomba niseme kitu kuhusu hiyo haidrofloriki maana naona mtu kaitaja kama anataja siki.

Nimefanya kazi maabara ya kupima miamba miaka sita, sitaitaja. Kule tulikuwa tunaitumia kuyeyusha jiwe lote liwe maji ili tupime madini, kwa sababu silika haiyeyuki kwa asidi nyingine za kawaida. Hata chupa ya glasi inailamba, inahifadhiwa kwenye plastiki. Kaka mmoja tuliyekuwa naye zamu moja glavu yake ilikuwa na katundu ambako hakukaona. Hakusikia chochote. Akala mchana, akapanda daladala, akaenda kwake Kizota. Saa tatu usiku ndo akaanza kulia kidole, na alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini analia kweli kweli, kwa nje unaona wekundu tu basi. Asidi nyingine ikikugusa unaruka palepale, hii inapita kwenye ngozi kimyakimya inaenda kutafuta kalsiamu mwilini, na mfupa ni kalsiamu. Bahati yake mkuu wa zamu alikuwa na jeli ya kalsiamu glukonati akampelekea usiku uleule kabla ya kumkimbiza hospitali. Ikimwagikia sehemu kubwa inaweza kusimamisha moyo kwa sababu hiyohiyo ya kunyonya kalsiamu.

Kwa hiyo wenzetu viwandani wanaposema wanatafuta njia nyingine wala sio mbwembwe. Wafikirie wanaoikoroga ikiwa ya moto, kila siku, kwa mapipa.

Mkemia wa Makole

Mama Ubuyu asante sana, umesema nilichokuwa nakwepa kukisema.

Fundi_Geji kaka, upo sahihi nusu. Chembe ya almasi haipitishi umeme ila kata sio almasi tupu, tumeshasema ina kobalti kwenye vijinjia, na hivyo vijinjia vimeungana vyote kama mizizi ya mkuyu mpaka kwenye kabaidi chini. Kobalti inapitisha umeme, kabaidi nayo inapitisha. Kwa hiyo waya unaufunga mgongoni kwenye kabaidi, upande chanya. Uso wa almasi unauchovya kwenye kimiminika, upande hasi unaweka kipande cha chuma kingine kama shaba kando yake. Ukiwasha, kila chembe ya kobalti iliyo kwenye mpaka wa maji inanyang'anywa elektroni mbili, inakuwa ayoni, yaani chembe yenye chaji, na kuingia majini. Inafuata ya nyuma yake, na ya nyuma yake. Na ona uzuri wake, mpaka unarudi nyuma kuelekea kwenye waya, kwa hiyo mawasiliano hayakatiki jinsi unavyozidi kuingia ndani. Ungefunga waya usoni mchezo ungeisha dakika za mwanzo.

Kwa vile kazi ya kung'oa inafanywa na umeme, kimiminika hakihitaji kuwa mnyama. Unaweza kutumia vitu vya upole kama asidi ya siki au asidi ya limau pamoja na chumvi za kupitisha umeme. US Synthetic ya Utah, watengenezaji wakubwa wa kata hizi, wana hataza (haki za uvumbuzi) zinazozungumzia kulichi kwa elektrodi, kwa hiyo sio hadithi ya muuzaji.

Fundi_Geji

Duh. Hapo kwenye waya kufungwa mgongoni umenimaliza. Narudi kwenye kiti cha plastiki na Nkuhungu.

Nkuhungu_Finest

Karibu, kahawa ipo.

Kijana wa Nala

Wakuu mbona mnaongelea usalama tu wakati mi naona hela hapo, kobalti si ndo ya betri za magari ya umeme? Kongo hapo jirani ndo wanatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na nikeli yetu ya Kabanga kule Ngara nasikia ina kobalti humohumo. Sasa kama kobalti inahamia kwenye maji, mtu akikusanya biti chakavu za nchi nzima si anatoka?

Mkemia wa Makole

Kijana wa Nala twende kwenye hesabu, usikimbie.

Chukua kata ya milimita 16 na tuseme unalichi kina cha nusu milimita. Ujazo wake ni kama sentimita ya ujazo 0.1. Weka kobalti asilimia 8 ya ujazo, unapata 0.008. Zidisha kwa uzito wake 8.9. Inakuja kama miligramu 71. Hiyo ndo mali yako kwenye kata nzima kaka, miligramu 71. Kata elfu moja hazifikishi gramu mia. Ukiuza utapata nauli ya kurudi Nala kwa miguu.

Ila hesabu hiyohiyo ina kitu kingine mimi huwa kinanifurahisha sana. Ampia moja ikipita saa moja inayeyusha kama gramu 1.1 ya kobalti. Kwa hiyo miligramu 71 zinataka miliampia-saa 65 tu. Simu yako ina betri ya 5,000 si ndio? Kwa karatasi, chaji ya simu moja inalichi zaidi ya kata 70! Umeme sio gharama kabisa hapa.

Sasa kwa nini bado inachukua muda mrefu? Kwa sababu ya njia. Vile vijinjia ni vyembamba kuliko unywele mara nyingi, na kobalti iliyoyeyuka lazima itembee mpaka nje na kimiminika kipya kiingie ndani, vyote kwenye uchochoro mmoja. Ukitaka kina mara mbili, muda sio mara mbili, ni kama mara nne. Ukiongeza volti ukidhani unaharakisha, unaanza kupasua maji yenyewe, mapovu ya gesi yanakaa kwenye uchochoro na kuziba. Kwa hiyo mtu akikwambia umeme unalichi kwa dakika tano mwambie apunguze.

Na kuna tangsteni. Wakati kobalti inapanda kule mwanzo inabeba na tangsteni kidogo kutoka kwenye kabaidi. Tangsteni ukiichokoza ndani ya asidi inageuka oksidi ya njano isiyoyeyuka, inaganda na kuziba njia, kama udongo wa mfinyanzi unavyoziba skrini ya kisima, hili mchimbavisima analijua. Haidrofloriki ilipendwa kwa sababu hiyo, tangsteni haiwezi kuizibia. Ukiiacha lazima utafute kitu kingine cha kuishikilia tangsteni majini, na asidi ya limau inasaidia maana inaikumbatia isigande. Nikisoma mambo haya naona kazi kubwa ipo kwenye kupika kile kimiminika, umeme ni sehemu rahisi.

Kasoro nyingine, visiwa. Kuna kobalti imefungiwa pembeni haijaungana na wenzake, umeme hauifikii, inabaki. Asidi inayopenya taratibu ina nafasi ya kuikuta hiyo, umeme hauna. Kwa hiyo usafi wa njia hii una bei yake, mimi sisemi imeshaua asidi.

Faida ya kweli kwa kiwanda ipo mwishoni mwa bomba. Kobalti nyingi unaweza kuigandisha kwenye kile kipande cha upande hasi ukaikwangua, badala ya kubaki na mapipa ya asidi yenye floridi na metali ambayo lazima uyapoze kwa chokaa halafu utafute pa kutupa lile tope. Wachina wanaotengeneza unga wa almasi nao hutumia elektrolisisi kutoa nikeli na metali nyingine kwenye bonge la almasi likishatoka kwenye mashine ya kubana, kwa hiyo wazo sio geni, geni ni kuliingiza kwenye vijinjia vya kata.

Mzee wa Rigi

Wanangu nimesoma yote nimefurahi. Sasa mniruhusu niulize swali la kishamba. Hiyo biti mnataka kuchimba nayo wapi? Maana Dodoma hii tuijuayo ukishapita udongo unakutana na granaiti, na granaiti haitaki kukwanguliwa, inataka nyundo. Nyundo ya upepo yenye batani za kabaidi. PDC ni ya miamba laini inayokwanguka, ukiipeleka kwenye granaiti iliyopasukapasuka kama ile ya kuelekea Makutupora kata zinavunjika kwa vishindo, na hapo iwe imelichiwa iwe haijalichiwa itakatika tu. Kulichi kunatibu moto, hakutibu vishindo.

Halafu nikuambie kitu Ihumwa. Wengi wanaua kata siku wanapozizungusha. Unaitoa kata upande uliolika, unaizungusha, unailehemu tena kwa lehemu ya madini ya fedha. Fundi anawasha gesi, anaelekeza moto kwenye almasi yenyewe mpaka inakuwa nyekundu. Mkemia kasema 700, wewe unaichoma na toochi! Elekeza moto kwenye mwili wa biti, joto lifike kwenye kata kwa kutembea.

Mchimbavisima_Ihumwa

Mzee shikamoo. Nimekusikia.

Wakuu sasa naomba niungame, wakati nasubiri majibu nilishajaribu 🙈. Nilichukua kata moja ya zamani, nikaibana na klipu ya chaja, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya chumvi, volti 12. Baada ya nusu saa maji yamekuwa ya kahawia kama chai ya rangi, inanuka kama ile dawa ya kwenye swimingi puli, macho yakaanza kuwasha nikazima. Klipu imeliwa yote. Ile kata upande wa almasi ipo vilevile inang'aa, ila mgongo wa kabaidi umekuwa na vishimo kama umeliwa na mchwa, nikiukwangua na kisu unatoa unga. Nilikosea wapi?

Mama Ubuyu

Yesu wangu. Hiyo harufu ni klorini. Umekaa nusu saa stoo unavuta klorini. Dirisha lilikuwa wazi??

Mchimbavisima_Ihumwa

Mlango ulikuwa wazi dada, na nilikuwa natoka natoka.

Mkemia wa Makole

Mkuu umekosea karibu kila mahali, ila umefanya jaribio zuri kuliko maelezo yangu yote 😂

Klipu yako ni ya chuma na uliichovya majini, kwa hiyo umeme ulianza kuila yenyewe kwanza, ndo hiyo kahawia, kutu tupu. Kabaidi nayo ina kobalti nyingi na ipo wazi, umeme unapenda njia nyepesi, kwa nini uhangaike kwenye vijinjia vya almasi wakati mgongoni pako wazi? Ukaila gundi ya kabaidi, ikabaki unga. Wenyewe viwandani kata inavalishwa kikombe cha plastiki kinachobana kabisa, uso wa almasi tu ndo unachungulia, na hata wanaotumia asidi wanafanya hivyohivyo. Chumvi ya mezani na volti 12 ndo zimekuletea klorini.

Na hata ungepatia yote, kata iliyotumika ina nyufa na imeshalika, kuitoa kobalti hakurudishi kilichokatika. Ziache hizo. Maji yale usiyamwage shambani wala kwenye mfereji, yana kobalti, yaweke kwenye dumu na mfuniko uandike. Na lile vumbi la kabaidi usilikwangue bila barakoa, kobalti na kabaidi pamoja vinaharibu mapafu, hilo ni gonjwa linalojulikana kabisa kwa wanaonoa vifaa hivyo.

Kijana wa Nala

Kwa hiyo tunajuaje kama biti mpya imelichiwa kweli? Si muuzaji anaweza kutudanganya tu, kwa macho zote nyeusi.

Mkemia wa Makole

Swali zuri dogo. Kina chenyewe huwezi kupima bila kuikata na kuiweka kwenye hadubini, au eksirei ya kiwandani. Ila mtego mdogo upo, tena unatokana na ubishi wa Fundi_Geji. Kata isiyolichiwa uso wake unapitisha umeme kwa sababu ya kobalti. Iliyolichiwa uso umebaki almasi na uwazi tu, haupitishi. Chukua multimita, weka kwenye ile sehemu ya kupiga mlio, ncha moja katikati ya uso wa almasi, nyingine kwenye chuma cha biti. Futa grisi kwanza. Ikilia haijalichiwa. Ikinyamaza kuna dalili imelichiwa. Ila haitakwambia ni kwa asidi au kwa umeme, hilo multimita haijui.

Fundi_Geji

Kumbe insuleta yangu ina kazi! Natoka kwenye kiti.

Mchimbavisima_Ihumwa

Wakuu nimerudi. Nimepima zote nane mbele ya bosi, nimefuta na petroli kwanza. Sita kimya. Mbili zinalia piiiiiii. Nimerudia mara tatu, nimebadilisha na multimita ya fundi umeme wa jirani, zilezile mbili zinalia. Nikaziangalia kwa karibu, lehemu yake ina rangi tofauti na za wenzake.

Bosi kampigia muuzaji, simu inaita haipokelewi.

Nkuhungu_Finest

Hahahaaa sita kwa mbili, hata mechi ya mtaani haina matokeo hayo.

Mzee wa Rigi

Biti yenyewe mmeiweka wapi sasa?

Mchimbavisima_Ihumwa

Mzee nimeifunga kwenye gunia, kesho kutwa tuna kazi Bahi kule kwenye udongo wa mbuga, nitaijaribu huko mita za mwanzo, nikigonga mwamba nabadilisha nyundo. Zile mbili zinazolia nimeziwekea alama ya rangi nyeupe nione zipi zitatangulia kulika.

Mzee wa Rigi

Piga picha kabla hujashusha. Na maji yasikatike kwenye biti.